Sakafu ya buti kwenye picha ya saba: kisa cha Probox iliyouzwa Malindi wakati wa kusi

Kisa hiki kimetokea Malindi. Majina yote nimeyaondoa, mtaa sikuutaja, na bei na kilomita nimezisogeza kidogo bila kugusa tofauti kati yake. Mwenye gari ameridhia kiandikwe. Kazi yangu mjini ni kupiga picha za bidhaa na kuwaandikia watu matangazo, na kwenye kisa hiki niliitwa mambo yakiwa yamekwisha haribika. Ninakieleza kwa urefu kwa sababu naona kosa lake likirudiwa kila wiki, na kila mara anayeumia ni mtu aliyekuwa na gari zuri tu la kuuza.

Usuli

Mwenye gari ni mama anayechuuza samaki. Kwa muda wa miaka sita alikuwa akipokea changu, tafi na kolekole kwenye madiko ya Malindi na Mayungu, akizipanga kwenye makasha ya barafu na kuzipeleka kwenye majumba na hoteli mpaka Watamu. Gari lake ni Toyota Probox ya 2011, gia otomatiki, injini ya 1NZ yenye cc 1,500. Ilisajiliwa nchini 2018, kwa hiyo namba yake inaanzia KC. Wanaofuatilia magari watajua kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na ndiyo maana Probox za 2011 zilizoingia 2018 ni nyingi barabarani. Mnunuzi wa Pwani anazijua hadi parafujo.

Kusi, ule upepo wa msimu unaotoka kusini, ilipoingia, bahari ikachafuka na mashua ndogo zikaanza kukaa nchi kavu siku nyingi kuliko zile za kutoka. Msimu huo huo wa masika hoteli nyingi za Malindi na Watamu hufunga au hupunguza wafanyakazi. Mama akaamua kuuza gari, anunue friza kubwa na tuktuk ya mizigo, kisha asubiri kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, akiwa na gharama ndogo. Uamuzi wa kibiashara ulikuwa sawa kabisa. Lakini miezi ambayo yeye anauza ndiyo miezi ambayo Malindi haina hela. Mnunuzi wa gari kama hilo, kwa wakati huo, angetoka Mombasa, Mtwapa, Kilifi au Mariakani. Angesafiri. Kutoka Mombasa mpaka Malindi ni kilomita kama 120, na mtu anayeacha kazi yake kuja kutazama gari anataka kujua anafuata nini.

Kuhusu hali ya gari: injini nzima, gia nzima. Kiyoyozi hakitoi baridi. Na sakafu ya buti, chini ya zulia, imeliwa na kutu upande wa kushoto hadi ikatoboka tundu la upana wa kiganja. Barafu ikiyeyuka pamoja na maji ya samaki hutoka maji ya chumvi. Yanapenya chini ya zulia, yanakaa kwenye maungio ya bati ambako rangi ni nyembamba, na hayakauki kwa sababu zulia limeyafunika. Juu huoni kitu. Ongeza upepo wa bahari unaopuliza mwaka mzima, na gari la Malindi huzeeka kutokea chini.

Tangazo la kwanza

Mpwa wake, kijana mchangamfu mwenye simu nzuri, ndiye aliyepewa kazi. Aliandika hivi, na kulibandika kwenye Facebook na kwenye makundi ya WhatsApp ya Malindi:

"PROBOX SAFI SANA INAUZWA!!! Iko fiti, haina shida hata moja. Haijawahi kupata ajali. Mwanamke ndiye alikuwa akiendesha. Injini safi, gia safi, bodi safi. Karatasi zote tayari. Bei ya kutupa, mwenyewe anasafiri. 680,000, maongezi yapo. Piga simu, usiandike."

Picha zilikuwa tatu. Mbili zilipigwa jioni, gari limetoka kuoshwa, na rangi imekolezwa kwenye simu. Ya tatu haikuwa ya gari hilo. Aliitoa kwenye mtandao kwa sababu, alivyosema, ndani ya gari la shangazi yake palikuwa na mchanga.

Nataka nimtendee haki kijana huyu. Hakuwa na nia ya kumdhulumu mtu. Aliandika alivyoona wengine wakiandika, na maneno yale yamezoeleka kiasi kwamba mtu anayeyaandika hahisi kuwa anadai jambo lolote. Lakini mnunuzi anayasoma kama madai, na akifika anayapima moja baada ya jingine.

Yaliyotokea

Simu zilipigwa nyingi sana, na hapo ndipo familia ilipodanganyika kwamba tangazo linafanya kazi. Ukizichambua, zilikuwa za aina tatu. Kuna waliouliza "bei ya mwisho ngapi?" kabla hata ya salamu. Kuna waliouliza maswali ambayo tangazo lilipaswa kuwa limeyajibu: ya mwaka gani, imetembea kiasi gani, iko wapi, otomatiki ama ya mkono. Kisha kuna madalali, ambao hawakuuliza chochote kuhusu gari. Waliuliza kama mwenyewe ana haraka. Tangazo lilishawajibu kwa kusema anasafiri.

Dalali mmoja alitoa 450,000 bila kuliona gari. Mwingine alichukua picha zile zile, akazibandika upya kwa namba yake ya simu na bei ya juu zaidi. Kwa siku kadhaa gari moja likawa linauzwa na watu wawili kwa bei mbili, na mtu akikutana na matangazo yote mawili huyakimbia yote.

Wanunuzi wa kweli wawili walifunga safari kutoka Mombasa, kila mmoja kwa siku yake. Wa kwanza aliinua zulia la buti kabla hajafungua boneti. Aliliweka tena taratibu, akamwambia mama, "Bi mkubwa, gari lako si baya, lakini mimi nimeambiwa bodi safi," akaondoka. Hakutaja bei. Wa pili alikuja na fundi, na yeye alikasirika. Alidai nauli yake, na ndugu wa familia wakalazimika kumtuliza.

Maneno ya yule wa kwanza ndiyo yaliyonifanya nikikubali kisa hiki. Hakusema kutu imemkimbiza. Tundu la sakafu ya buti ni kitu cha kukarabatiwa, na watu hununua Probox zenye kasoro kubwa kuliko hiyo kila siku. Kilichomwondoa ni kwamba, baada ya kukuta jambo moja ambalo hakuambiwa, hakuwa tena na sababu ya kuamini hata yale ambayo yalikuwa kweli. Injini kweli ilikuwa nzima. Hakuiwasha.

Maamuzi

Nilipoketi na familia barazani, jambo la kwanza lililojadiliwa lilikuwa kutu yenyewe, na mawazo yalikuwa matatu.

Fundi mmoja wa jirani alishauri tundu lizibwe kwa filla, ule ujiuji wa kujazia bodi unaokauka na kuwa mgumu, halafu chini pote papakwe ile dawa nyeusi ya kuzuia kutu, zulia lirudishwe na mchezo umekwisha. Bei yake ilikuwa ndogo sana. Mama alikataa mwenyewe kabla sijafungua mdomo: "Mwanangu, mimi huwauzia watu samaki. Nikimpa mtu samaki aliyelala, kesho hanunui kwangu." Kuna sababu nyingine ya kukataa, hata kwa asiyejali jina lake. Dawa nyeusi mbichi chini ya gari la miaka zaidi ya kumi ni ushahidi dhidi yako. Fundi yeyote wa mnunuzi akiiona ataigonga kwa bisibisi, na filla huanguka.

Wazo la pili lilikuwa kulitengeneza kweli: kukata bati bovu, kuchomelea jipya, kupaka rangi. Mchomeleaji mwenye kuaminika alitaja 45,000. Mimi nilishauri hapana, na familia ikakubali. Ukarabati ukishafanyika mnunuzi hawezi kuona kilichokuwa chini yake, anabaki kukisia, na watu hukisia vibaya. Tundu analoliona kwa macho analipigia hesabu. Kiraka kipya humfanya ajiulize limeliwa mpaka wapi. Pia mama hakuwa na 45,000 za kutanguliza.

Tukabaki na la tatu: kusema. Hapa mpwa alipinga kwa nguvu, na hoja yake si ya kupuuzwa. Alisema, "Shangazi, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tukianza kutaja ubovu nani atapiga simu?" Nilimjibu kwamba watapiga wachache, na hao ndio tunaowataka. Tangazo la gari lililotumika haliuzi gari. Gari huuzwa kwa macho, kwa mikono na kwa fundi aliyelala chini. Kinachouzwa na tangazo ni safari: mtu aamue kupanda matatu au kujaza mafuta aje Malindi. Na safari hiyo huzaa mauzo pale tu anapofika na kukuta kila kitu alichokisoma, bila cha ziada cha kumshtua.

Kuhusu bei, tulitazama Probox za miaka ya karibu na hiyo zilizokuwa zikitangazwa Mombasa. Zilizokuwa nzima ziliombwa karibu na 650,000. Tukatoa gharama ya sakafu, na kitu kidogo juu yake kwa usumbufu wa kuipeleka gereji na kwa kiyoyozi. Tukafika 590,000. Ile 680,000 ya mwanzo haikuwa na hesabu nyuma yake. Ilikuwa bei ya kuombwa ili ipunguzwe, na bei ya namna hiyo humleta mtu wa kupunguza tu.

Jambo moja familia iliamua kinyume na nilivyopendelea. Kitabu cha gari, yaani hati ya umiliki, kilikuwa kwa jina la kaka yake mama, anayefanya kazi Nairobi, kwa sababu yeye ndiye aliyelinunua hapo mwanzo. Mimi nilitaka hilo liandikwe. Wao waliona ni mambo ya ndani ya familia na kaka ni wa kupigiwa simu tu, basi maneno "karatasi zote tayari" yakabaki kama yalivyokuwa. Gari lao, uamuzi wao.

Picha

Tulipiga saa moja na nusu asubuhi, gari likiwa kavu na jua likiwa nyuma ya mpigaji. Gari likiwa limelowa maji, mikwaruzo haionekani, na mnunuzi mzoefu akiona picha ya gari linalong'aa kwa maji huzidisha shaka. Mpangilio ulifuata jinsi mtu angelizunguka gari: pembe ya mbele, ubavu, nyuma, ubavu wa pili, viti, dashibodi injini ikiwa inanguruma ili kilomita zisomeke na ionekane kwamba hakuna taa ya onyo inayowaka. Picha ya saba ilikuwa sakafu ya buti, zulia limeinuliwa, na mkono wa mpwa umewekwa kando ya tundu ili ukubwa uonekane. Ya nane ilipigwa kutoka chini, kuonyesha mihimili. Zilizobaki zilikuwa za tairi, pamoja na ile alama ya tarakimu nne inayoonyesha wiki na mwaka wa kuundwa.

Juu ya dashibodi tuliweka karatasi iliyoandikwa kwa mkono "Malindi" na tarehe, ionekane kupitia kioo cha mbele kwenye picha tatu za mwanzo. Hiyo ilikuwa kwa ajili ya madalali wanaoiba picha, na pia kumwonyesha msomaji kwamba gari lipo na picha ni za wiki hii. Namba ya gari hatukuificha. Mtu mwenye namba anaweza kutafuta kumbukumbu za gari kwa NTSA, mamlaka ya serikali inayosajili magari, kwa ada ndogo, na anayeificha humfanya mnunuzi ajiulize kwa nini.

Video moja fupi: gari likiwashwa asubuhi kabla ya kupata moto, boneti wazi, bila muziki na bila mtu kuzungumza.

Tangazo la pili

"Toyota Probox 2011, otomatiki, petroli cc 1,500. Iko Malindi. Bei 590,000.

Imesajiliwa Kenya 2018. Imetembea kilomita 241,000.

Gari limefanya kazi ya kubeba samaki Malindi na Watamu kwa miaka sita. Kwa sababu hiyo sakafu ya buti ina kutu upande wa kushoto na tundu la upana wa kiganja, tazama picha ya saba. Fundi ametaja 45,000 kukata na kuchomelea bati jipya. Mihimili ya chini ina kutu ya juu juu, haijatoboka, picha ya nane. Kiyoyozi hakitoi baridi, gesi ilijazwa ikavuja. Harufu ya samaki imepungua baada ya kuoshwa ndani, lakini haijaisha.

Injini huwaka mara moja asubuhi, video ipo. Haiongezwi oili kati ya sevisi mbili. Shoki za mbele zilibadilishwa mwaka jana, risiti ipo. Tairi za mbele zimeundwa 2023, za nyuma 2020 na zitahitaji kubadilishwa.

Bei imeshapunguzwa kwa ajili ya sakafu na kiyoyozi. Tunaweza kuongea kidogo ukishaliona gari, si kwa simu.

Kulitazama: Jumamosi na Jumapili, saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Njoo na fundi wako. Hatupokei amana kwa simu. Karatasi zote tayari."

Kuna mambo tuliyoyaacha kwa makusudi. "Mwanamke ndiye alikuwa akiendesha" imetoka, kwa sababu haimwambii mnunuzi chochote anachoweza kukihakikisha. Badala yake kuna kazi gari lilifanya. "Haijawahi kupata ajali" imetoka pia: kaka wa Nairobi hakuwa na uhakika wa maisha ya gari kabla ya kufika Mombasa, na jambo usilolijua usiliandikie dhamana. Bidhaa inayouzwa kwa maelezo inapaswa kulingana na maelezo hayo, ndivyo ilivyo katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, na tangazo la WhatsApp halifutiki kwenye simu ya mwenzako.

Sentensi ya amana iliwekwa kwa sababu ya ulaghai uliojaa. Matapeli hutangaza gari kwa bei ya chini, husema wengine wanalitaka, na kuomba utume elfu kumi au ishirini wakuwekee. Mtu wa mbali akiona umesema hutaki amana, hofu moja imemwondoka kabla hajapiga simu.

Safari hii tangazo liliwekwa kwenye makundi ya Mombasa, Kilifi na Mariakani, na kwenye kundi la mafundi wa bodi ambalo mchomeleaji wetu alikuwa mwanachama.

Kilichofuata

Simu zilipungua sana. Mpwa aliingiwa na wasiwasi siku za mwanzo. Lakini waliopiga walizungumza lugha nyingine. Mmoja aliuliza kama mhimili wa kushoto umeguswa karibu na tundu. Mwingine aliuliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, na mpwa, ambaye sasa alikuwa ameshajifunza gari la shangazi yake, akamjibu kwamba injini ya 1NZ hutumia mnyororo, haina mkanda. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mwaka, gia wala mahali.

Halafu kukatokea jambo ambalo hatukulitarajia. Mtu mmoja alipiga na kusema, "Shekhe, mbona kule kwingine mliandika haina shida hata moja?" Tangazo la kwanza lilikuwa bado lipo hewani. Namba ya simu ilikuwa ile ile, gari lile lile, na maneno yalipingana. Mpwa alilifuta jioni hiyo, lakini nakala zilizosambazwa kwenye makundi hazikuwa mikononi mwake tena.

Mnunuzi wa kwanza wa maana alitoka Mtwapa, na fundi wake. Waliinua zulia, wakatazama tundu kama watu wanaohakiki jambo wanalolijua, kisha wakaenda kwenye injini. Waliliendesha hadi njia ya Lamu, karibu na daraja la Sabaki, wakarudi. Bei ilikaribia kukubaliwa. Ndipo mnunuzi akafungua simu na kuonyesha kumbukumbu za NTSA: jina lililopo ni la mwanamume ambaye hayupo hapa na hajatajwa popote. Alielezwa, na maelezo yalikuwa ya kweli. Kaka akapigiwa Nairobi, akapatikana mara moja. Lakini uhamisho huanzishwa na mwenye jina, kwa akaunti yake mwenyewe ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ndipo mnunuzi akubali upande wake, na kaka alikuwa amebadilisha laini ya simu iliyofungamana na akaunti hiyo. Siku hiyo hakuweza kuingia. Mnunuzi alisubiri hadi alasiri, akaaga kwa adabu, na hakurudi. Simlaumu. Kwa mujibu wa Sheria ya Trafiki, aliyeandikwa kwenye usajili ndiye anayehesabiwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Kumlipa mtu mwingine ni kujitafutia kesi.

Kaka alishughulikia akaunti yake wiki hiyo. Mstari wa mwisho wa tangazo ukabadilishwa kuwa: "Gari limesajiliwa kwa jina la kaka yake muuzaji, aliye Nairobi. Ataanzisha uhamisho kwenye eCitizen siku ile ile ya malipo, na unaweza kuzungumza naye kabla ya kusafiri."

Aliyelinunua alitoka upande wa Kilifi. Ni fundi wa mageti na madirisha. Alitaka gari la kubebea vyuma, na zile 45,000 za sakafu kwake zilikuwa kazi ya mchana mmoja na mabaki ya bati. Alizungumza na kaka kwa simu usiku wa kuamkia safari. Alifika Jumamosi, akakagua, akaomba 540,000, wakakubaliana 560,000. Malipo yalipitia benki, kwa kuwa M-Pesa haipitishi zaidi ya 250,000 kwa muamala mmoja na hakuna aliyetaka kugawa fedha vipande vipande. Uhamisho ulianzishwa wakiwa wameketi pamoja, mnunuzi akaukubali, ndipo akapewa funguo.

Uchambuzi

Picha ya saba ndiyo iliyouza gari hili, na nasema hivyo nikijua kwamba picha hiyo ndiyo iliyopunguza simu. Ilifanya kazi mbili. Iliwaondoa watu ambao wangekuja, wakakasirika na kuondoka. Na ilimfikia mtu ambaye kwake kasoro ile ilikuwa na bei ndogo kuliko kwa wengine. Kila gari lenye kasoro lina mnunuzi wa namna hiyo mahali fulani: mchomeleaji kwa kutu, fundi wa umeme kwa kiyoyozi, mwenye shamba kwa gari lenye viti vilivyochanika. Tangazo linalosema "safi sana" haliwezi kumwita, kwa sababu hajui kwamba linamhusu. Hapa sisi hatukumtafuta fundi wa mageti, tulikuwa na bahati kidogo. Ila kuliweka tangazo kwenye kundi la mafundi wa bodi haikuwa bahati, na ningeanzia hapo siku ya kwanza.

Kutaja gharama ya ukarabati kulisaidia kuliko nilivyodhani. Kasoro isiyo na tarakimu hukua kichwani mwa msomaji. Alipoona 45,000, mjadala wa bei ulikuwa na sakafu ya kusimamia: kila aliyekuja alianza hesabu kutoka hapo, hakuna aliyejaribu kukata laki moja na nusu kwa ajili ya kutu. Tarakimu hiyo lazima iwe ya kweli na fundi aliyeitaja awe tayari kuirudia, maana yule wa Mtwapa alimpigia.

Kilomita 241,000 hazikumtisha mtu. Probox iliyobeba samaki miaka sita ikionyesha kilomita 90,000 ingetisha zaidi.

Mstari wa harufu ya samaki una utata. Mpwa anaamini ulifukuza watu, na huenda ni kweli: mtu mmoja alituandikia kwamba anataka gari la familia na hapo ndipo alipokoma kusoma. Mimi ningeubakiza. Harufu ndiyo kitu cha kwanza mtu anachokutana nacho akifungua mlango, kabla ya kutu na kabla ya injini. Mstari wa kiyoyozi, kwa upande mwingine, ulikuwa dhaifu. Tulisema gesi ilivuja bila kusema inavujia wapi, kwa sababu hakuna fundi aliyekuwa amepima. Kupima kungegharimu kidogo, na kungeupa ule upungufu tarakimu yake kama tulivyofanya kwa sakafu. Kwenye mapatano ya mwisho, shilingi 30,000 zilizokatwa zilitajwa kwa ajili ya kiyoyozi.

"Karatasi zote tayari" ndiyo iliyogharimu zaidi. Ilimpoteza mnunuzi wa Mtwapa, ambaye alikuwa tayari kulipa karibu na bei iliyoombwa. Maneno hayo yana tabia ile ile ya "bodi safi": hayasemi kitu, na msomaji huyajaza kwa matumaini yake. Kitabu kina jina la nani, je kuna mkopo wa benki au wa chama cha akiba ambao bado umeandikwa juu ya gari, bima inaisha lini, mwenye jina yuko wapi siku ya malipo. Hayo ni mambo manne na yanaingia kwenye mistari miwili. Gari likiwa na jina la mtu mwingine si aibu, nusu ya familia za Pwani zina gari la namna hiyo. Lakini lazima lisomwe kabla ya safari, na mwenye jina awe amejaribu kuingia kwenye akaunti yake kabla tangazo halijatoka.

Kwa upande wa bei, baadhi ya ndugu bado wanasema mama alipunjwa, wakikumbuka 680,000. Naona sivyo. Hakuna mtu aliyewahi kuitoa 680,000, na ofa pekee iliyokuwa mezani wakati tangazo la kwanza lipo hewani ilikuwa 450,000 ya dalali. Labda kaskazi ingemletea elfu ishirini au thelathini zaidi, kwa gharama ya kukaa miezi na gari ambalo kutu yake hailali.

Kufuta tangazo la zamani kabla ya kuweka jipya ni kazi ya dakika chache iliyosahaulika, na hatujui ni wangapi waliosoma yote mawili na hawakupiga simu kuuliza. Sasa ninapoitwa kurekebisha tangazo lililokwama, huanza kwa kuomba orodha ya kila mahali lilipobandikwa na kila jamaa aliyelisambaza. Nawaomba watu hao wafute, na wasipoweza, waandike chini yake kwamba maelezo yamebadilika na wayafuate mapya. Picha mpya tunapiga baada ya hapo.